Mwongozo: jinsi ya kuwalipa watu uliowakimbia

Mimi ndo kijumbe wa mchezo wetu (ule wa kuchangiana hela na kupokea kwa zamu, kijumbe ndo anayezikusanya) na pia huwa napewa uweka hazina kwenye kamati za harusi, kwahiyo maswali haya yananifikia kila wiki na yanafanana kweli. "Nilikopa kwa rafiki yangu nikapotea, sasa naanzaje kumtafuta?" "Dada yangu nadaiwa naye tangu mwaka jana, ndo mpaka nyumbani nimeacha kwenda." "Nina elfu ishirini tu wakati deni ni laki mbili, si nitaonekana namdharau?" Naandika hapa mara moja ili mtu akiuliza nimtumie hii.

Mwongozo huu ni wa madeni ya watu: rafiki, ndugu, jirani, mangi wa dukani, fundi, kijumbe, shemeji. Mkopo wa benki una mkataba wake na afisa mikopo wake, nenda ukaongee nae. Ila deni la mtu halina karatasi, lina sura tu, na ndo maana tunalikimbia. Nikwambie kitu kimoja kabla hatujaenda mbali, nimesuluhisha kesi nyingi za hivi na karibu zote mdai hakukasirika kwa sababu ya hela. Alikasirika ule ukimya. Tiki za bluu halafu hakuna jibu, huku anakuona stetasi upo Kigamboni unakula pweza. Hela anaweza kuisubiri, kufanywa mjinga haisubiriki.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Daftari, hata la kurasa 40, na kalamu. Sio noti za kwenye simu, simu inaibiwa, inaanguka chooni, na ukiifungua tu unajikuta TikTok.
- Taarifa ya miamala. Ingia kwenye aplikesheni au menyu ya mtandao wako (M-Pesa ni *150*00#) uvute miamala ya nyuma. Ukiwa na laini mbili vuta zote.
- Kiasi kinachokuingia mkononi kwa mwezi. Mkononi nimesema. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi na umeajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, bado mfuko wa hifadhi, bado kodi. Ile hesabu ya kwenye barua ya ajira isahau.
- Hela kidogo ya kuanzia, hata elfu kumi. Usianze na maneno matupu, nitaeleza kwanini.
- Saa moja peke yako. Sio usiku wa manane ukiwa na mawazo, utaandika meseji ndefu za kulia lia ambazo asubuhi utazijutia.

Hatua

1. Andika majina yote.

Jina, kiasi, ulikopa lini, ulisema utalipa lini. Andika hata yale ya elfu tano. Yaandike na yale ambayo huwa hatuyaiti madeni: ahadi ya mchango wa harusi uliyoweka kwenye grupu mbele ya watu, nguo uliyochukua kwa dada wa mtumba ukasema "nakutumia jioni", hela ya sare ya sherehe uliyolipiwa na mwenzio. Kwa Waislamu hili la kuandika sio geni, aya ndefu kuliko zote kwenye Qur'ani (Al-Baqara 282) inahusu kuandikiana deni. Sisi tunaona kuandikiana ni kutoaminiana, halafu baada ya miezi sita mnabishana ilikuwa themanini au mia.

Kosa la kawaida hapa: kukadiria. Usiandike "kama laki hivi". Rudi kwenye miamala uangalie. Na kama alikutumia na ya kutolea, iandike pia, ile ni hela yake ilitoka.

2. Tafuta kiasi chako cha kweli kwa mwezi.

Tuchukue mfano ili tuelewane. Mtu anaishi Dar, mkononi inaingia 520,000. Chumba 80,000 (hata kama unalipa miezi sita kwa mkupuo, itenge kila mwezi, mwenye nyumba hakusubirii ukishtukia). Chakula 180,000. Nauli, daladala mbili kwenda mbili kurudi kwa 600 kila moja, siku 26, ni 62,400. Luku na maji 25,000. Vocha 15,000. Mama nyumbani 50,000. Jumla 412,400, zinabaki 107,600.

Sasa usiahidi hiyo 107,600! Ahidi 80,000. Hiyo ishirini na ngapi inayobaki ni ya malaria, ya msiba wa ghafla, ya mtoto kutakiwa hela ya rimu shuleni, na vitu hivi vinatokea kila mwezi ila kila mwezi tunashangaa. Anayeahidi kila senti aliyonayo lazima atavunja ahadi mwezi wa pili, na ukivunja ahadi ya pili baada ya ile ya kwanza iliyokupoteza hapo umeisha kabisa, hakuna mtu atakusikiliza mara ya tatu.

Na kama huna mshahara, wewe ni wa boda au una genge au unapiga vibarua, usipange kwa mwezi. Panga kwa wiki au hata kwa siku, elfu tatu kila siku unayotoka inaenda kwenye laini ambayo huitumii kwa kitu kingine. Jumamosi unaangalia imefika ngapi unamtumia mtu mmoja.

3. Panga nani anaanza.

Hapa ndo watu wanakosea sana, wanaanza na anayepiga kelele kuliko wote. Mimi napanga hivi.

Anayeanza ni yule ambaye deni lako limemkwamisha mtu mwingine nyuma yake. Kijumbe ni huyo (najitetea kidogo, ndio), maana usipotoa wewe kuna mwanachama zamu yake imefika na hela haijatimia, na kijumbe anaziba pengo mfukoni mwake. Wanaofuata ni wale ambao hela yako ni mtaji wao: mangi, mama ntilie, fundi cherehani. Mangi akiwa na watu wengi wa aina yako kwenye daftari lake duka linafungwa, na umeona maduka mangapi mtaani yamefungwa hivyo. Halafu rafiki, halafu ndugu. Ndugu anakuja mwisho sio kwa sababu haumii, ni kwa sababu anaweza kusubiri ukimwambia ukweli.

Mfano wetu uendelee. Anadaiwa hivi: kijumbe 60,000, mangi 35,000, fundi 25,000, rafiki 200,000, dada 350,000, ahadi ya harusi 100,000. Jumla 770,000. Kwa 80,000 kila mwezi:

- Mwezi wa kwanza: kijumbe 60,000 amemaliza, rafiki 20,000.
- Mwezi wa pili: mangi na fundi 60,000 wamemaliza, rafiki 20,000.
- Mwezi wa tatu mpaka wa kumi: rafiki 20,000 kila mwezi, na 60,000 inagawanywa kwa dada na ile ahadi.

Mwezi wa kumi wote wameisha na inabaki elfu thelathini. Miezi kumi inaonekana mingi, sawa, ila umeshakimbia muda gani mpaka sasa?

Usigawe elfu kumi kumi kwa watu wote ili kila mtu apate. Inachosha, hakuna anayeisha, na wewe huoni maendeleo mpaka unaacha. Mmalize mtu mmoja umkate kwa mstari daftarini, utajisikia.

4. Tuma hela kwanza, meseji baadaye.

Wengi wanafanya kinyume. Wanaandika meseji ndefu, wanasubiri jibu, jibu linakuja baya, hela inarudi mfukoni. Wewe tuma hela, na ya kutolea juu, maana ukituma 20,000 kavu ameshika pungufu ya 20,000 na huo sio ulipaji uliokamilika. Muamala ukipita ndo unaandika. Simu yake inakuwa imeshalia na jina lako na kiasi, hapo hata kama alikuwa amejiandaa kukutukana anapungua.

Meseji yenyewe iwe hivi, badilisha kidogo tu:

"Kaka habari za siku. Ile laki mbili ya mwezi wa tatu sijaisahau. Nilikaa kimya kwa aibu, nimekukosea. Zote kwa pamoja sina. Nimekutumia 20,000 leo na kila tarehe 28 nitakutumia 20,000 mpaka ziishe. Nikikwama nitakwambia kabla ya tarehe."

Basi. Usiongeze stori ya mama kuumwa hata kama ni kweli aliumwa, kwa siku hiyo itasomeka kama kisingizio, siku nyingine mkikaa utamwambia. Usiweke "Mungu akinijalia" kwenye tarehe. Najua tunasema In shaa Allah na Mungu akipenda kwa imani kabisa, ila mdai aliyezungushwa ameshaisikia sana, anasikia "labda". Iseme moyoni, kwenye meseji weka tarehe.

Kwa mtu mzima au aliyekuzidi heshima, mjomba, mama mkubwa, bosi wa zamani, usitume meseji. Piga, na kama upo karibu nenda. Shikamoo, hali za hapo, halafu sema lililokuleta kabla hujaletewa chai, maana ukishakunywa chai yake ulimi unakuwa mzito.

5. Chagua tarehe ambayo sio siku ya mshahara.

Mshahara unaingia tarehe 25? Weka 28. Mshahara unachelewa, mtandao unasumbua, wikiendi inaingilia. Hizo siku tatu ni kinga yako. Na siku hela inapoingia, kabla hujanunua hata soda, zitoe za madeni ziende kwenye laini ya pili au mpe mtu asiyekuonea huruma akushikie. Hela ikilala kwenye laini unayotumia kila siku haifiki tarehe 28, hilo tusidanganyane.

6. Mwezi ukikaa vibaya, sema siku mbili kabla.

Hii hatua ndo inatofautisha waliomaliza na walioishia njiani. Itatokea mwezi huna. Tarehe 26 unamwandikia: "Kaka mwezi huu nimebanwa, ile 20 haitatimia. Nimekutumia 5,000, iliyobaki naijazia mwezi ujao tarehe ile ile." Ukisema tarehe 26 unaheshimika. Ukisema tarehe 30 baada ya kupigiwa simu tatu, maneno ni yale yale ila hakuna anayekuelewa. Na hiyo elfu tano usiiruke. Hata elfu mbili. Inamwambia upo.

7. Kila muamala andika, kila baada ya miezi mitatu tuma mchanganuo.

"Kaka mpaka leo nimeleta 60,000, imebaki 140,000, tuko sawa?" Akijibu "sawa" piga skrinshoti. Sio kwa ubaya, kumbukumbu za watu zinatofautiana tu.

8. Ukimaliza, sema umemaliza.

Watu wanatuma ya mwisho wanapotea, kana kwamba urafiki ulikuwa ni lile deni. Mwambie imeisha, ahsante kwa kunivumilia. Halafu wiki inayofuata mtafute kwa jambo lisilo na hela kabisa, mpira, msibani, kumsalimia mtoto. Amekaa miezi akiliona jina lako kama muamala.

Makosa ninayoyaona kila siku

Kukopa kumlipa uliyemkopa. Unamlipa rafiki asiye na riba kwa kuchukua kausha damu inayotaka marejesho kila siku, umetoka kwa mtu anayekununia umeenda kwa mtu anayekuja kubeba tv. Hizi za kwenye simu nazo angalia sana, Novemba 2024 Benki Kuu (BoT) walitoa orodha ya majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yasiyo na leseni, na zile ndo ukichelewa wanawapigia watu waliopo kwenye simu yako, mpaka mchungaji.

Kutuma hela kupitia mtu. "Nilimpa Fulani akuletee." Fulani nae ana shida zake. Tuma mwenyewe.

Kuwaambia wadai wote tarehe moja na kiasi kikubwa ili wanyamaze kwa siku hiyo. Wanaongea hao.

Kununua kitu cha kuonekana ndani ya hiyo miezi. Sikwambii usivae. Ila simu mpya wakati dada yako anasubiri 350,000 ataiona, na akiiona zile meseji zako zote nzuri zinakufa siku hiyo hiyo.

Ukikwama

*Amenibloku.* Tuma hela, kubloku kwa WhatsApp hakuzuii muamala. Meseji ya kawaida tuma moja tu. Ukimtumia mtu wa kati, awe mmoja anayeheshimika na wote wawili, sio grupu.

*Amejibu kwa matusi.* Yana haki yake, mengine. Jibu mara moja, "umesema kweli kaka, tarehe 28 ipo pale pale", kaa kimya, tarehe 28 tuma. Mara nyingi kwenye malipo ya pili au ya tatu lugha inabadilika yenyewe. Ila akitishia kukudhuru hifadhi meseji, hilo ni jambo la polisi na halifutwi na wewe kudaiwa.

*Kanitangaza kwenye grupu la familia.* Usijitetee pale. Andika "ni kweli nadaiwa, nimeshaongea nae, naanza kulipa tarehe fulani" na usiongeze neno hata shangazi akianza kuchokoza.

*Anasema "achana nazo, nimesamehe".* Muulize tena mara moja siku nyingine, kwa sauti sio kwa meseji. Wengine wanasema hivyo kwa kuchoka, maana yake "sitaki tena kukusikia". Akirudia kwa moyo mweupe, shukuru na ukubali, usimlazimishe. Ila hiyo hela iliyobaki kwenye bajeti ipeleke kwa mdai mwingine, sio bia.

*Tunabishana kiasi.* Ndo kazi ya miamala. Kama ilikuwa keshi na hakuna ushahidi, na tofauti ni ndogo, chukua hesabu yake. Tofauti ikiwa kubwa kaeni na aliyekuwepo siku hiyo.

*Kanipeleka serikali ya mtaa.* Nenda. Usiache kuitikia wito wa mwenyekiti. Nenda na daftari lako na kiasi cha mwezi ulichopiga hesabu, omba iandikwe na wote msaini. Kuna watu wanapanic wanaahidi kumaliza ndani ya wiki mbili mbele ya mjumbe, hapana, sema kile kile cha hatua ya pili. Na usidhani ukinyamaza deni linakufa, madai ya makubaliano yanaweza kupelekwa mahakamani ndani ya miaka 6.

*Amefariki.* Deni halijaisha, sasa ni mali ya warithi wake. Mtafute msimamizi wa mirathi, sio ndugu wa kwanza utakayekutana nae msibani, na upate maandishi kwamba umelipa. Usiliongelee wakati wa matanga, subiri wapumzike.

*Ni mpenzi wangu wa zamani.* Lipa kwa muamala na meseji iwe kavu: kiasi, kilichobaki, tarehe. Hakuna "umekula?". Kama sasa hivi uko na mtu mwambie kwamba kuna deni unalimaliza, asije akaona jina kwenye miamala akakupangia kesi nyingine.

*Harusi ilishapita, ile ahadi naipeleka wapi?* Hili naulizwa na waoga wenzenu wengi. Kamati imevunjwa, ndio, ila bajeti ilipangwa kwa ahadi yako na kuna mtu aliziba, mara nyingi bwana harusi mwenyewe au mweka hazina. Muulize mweka hazina nani aliziba, umpe huyo. Kama hakuna anayekumbuka wape maharusi wenyewe, na usiiite zawadi.

*Nimeshalipa nusu, nae sasa ananikopa mimi.* Ukiwa nacho mpe kama sehemu ya malipo yako ya mbele, mwandikiane kwamba 20,000 ya mwezi ujao ameshaichukua. Usianzishe deni jipya la upande wa pili, mtachanganya mahesabu mpaka mgombane upya.